Kikuba cha Darasani

Matano alikiona kikuba cha maua ya asumini kifuani mwa mkewe, na jua bado lawaka. Kikuba huvaliwa usiku, kwa ajili ya mume.

"Hicho umemvalia nani?"

"Si nawasilisha mradi wangu wa uzamili leo, mtandaoni? Ule mfumo wa taarifa za hifadhi ya bahari. Nigawie intaneti ya simu yako, mume wangu."

Akamgawia. Kwenye kompyuta akatokea mwalimu, mwanamume wa bara. "Umependeza leo!" Mkewe akacheka, kicheko ambacho Matano alidhani ni chake peke yake.

Matano akazima data.

Mkewe akageuka polepole, akaitazama simu mkononi mwa mumewe. Nyuma yake mwalimu alikuwa ameganda kwenye skrini, akimkenulia mke wa mtu, wala haondoki.