Bei ya Bi Kiberiti

"Hizi nyanya umeziokota wapi, jalalani?"

Sauti ilivuka vibanda vitatu, na mshonaji akakaza mwendo. Bi Kiberiti alikuwa ameshaanza. Jina hilo alipewa na watu wa soko kwa sababu akiguswa kidogo tu anawaka, na kila Jumamosi mshonaji aliuvizia moto wake. Akajipenyeza katikati ya watu mpaka nyuma ya bega la yule mama, akakumbatia kikapu chake na kusubiri.

"Kama hazikupendezi, njia ile pale," alijibu muuza mboga, kijana wa shingo nene na mdomo mchafu. "Themanini kilo. Sikukuita."

"Themanini. Unauza nyanya au unauza figo zako?"

Watu wakacheka. Waliokuwa wakipita na safari zao wakasimama, nao wakasahau walikokuwa wakienda. Kwenye vibanda vya jirani wauzaji walikaa bila wateja, wakifukuza nzi.

Mshonaji hakucheka. Asubuhi hiyo mama mkwe wake alikuwa amemkalia mlangoni, mguu huku na mguu huku, ili asipite bila kusikia.

"Wiki iliyopita pesa ya jikoni ilikata Jumatano," alisema mama mkwe. "Hii ndiyo ya mwisho. Isipotufikisha Ijumaa, pesa nashika mimi, na wewe utakuwa unaniomba hata chumvi."

"Vitu vimepanda, mama."

"Vimepanda kwako peke yako? Umeuliza vibanda vingine?"

"Niulize nini, wakati pale bei inashushwa mbele ya macho yangu?"

Mama mkwe akaguna. Mume, kama ilivyo kawaida yake nyumba ikichafuka, alikuwa ameinama anafunga kamba za kiatu ambazo zilikwisha kufungwa. Mshonaji aliwachukia wote wawili, ila mama mkwe zaidi. Kuliko kumwomba chumvi mwanamke yule, afadhali ale uzi.

Na kwa nini aombe? Mbinu alikuwa nayo, na aliigundua kwa akili yake mwenyewe. Kupatana bei hakujui. Akitajiwa bei hulipa, kisha hurudi nyumbani akijilaumu njia nzima. Bi Kiberiti hana haya wala huruma, kwa hiyo kazi ni kusimama nyuma yake tu, amalize kugombana, halafu nawe ulipe bei aliyoipigania. Sasa nyuma ya mshonaji palikuwa na msururu mzima wa watu waliokwisha kumwiga.

"Arobaini," alisema Bi Kiberiti.

"Sabini, na uondoke hapa kabla sijakumwagia maji."

"Mwaga. Labda na wewe yatakurukia uoge."

"Sabini. Hutaki, acha."

Bi Kiberiti akairudisha nyanya mezani, akajikung'uta mikono, akageuka kuondoka. Mshonaji akapiga hesabu. Akiondoka huyu, wamebaki na sabini, na kwa sabini Ijumaa haifikiki. Ndipo lilipomtokea jambo ambalo hata yeye hakujua analo kifuani.

"Sitini!" alipiga kelele. "Huoni hata aibu, kumtukana mtu mzima kwa ajili ya nyanya? Sitini, au sote tunaondoka."

"Sote," waliitikia watu nyuma yake.

Muuza mboga akawatazama mmoja mmoja kwa chuki, akatema mate pembeni. "Sitini, basi. Chukueni. Mnanifilisi halafu mnajiita wateja."

Bi Kiberiti alimgeukia mshonaji, akamshika bega. "Umekua, mwanangu," alimwambia. Akamnyooshea muuza mboga ngumi iliyofumbwa, naye akakipokea kilichokuwa ndani na kukisokomeza mfukoni bila kukitazama, huku akiendelea kulaani. Pesa za wengine zote zilikwenda kwenye kopo.

Mshonaji alichukua nyanya kilo tatu badala ya mbili, kwa sababu bei ya namna ile kuiacha ni dhambi. Akaongeza viazi na karoti, navyo kwa bei aliyoigombea Bi Kiberiti vivyo hivyo. Mkoba wa pesa ukabaki mwepesi kuliko alivyopanga, lakini kikapu kilimlemea mkono, na hilo ndilo mama mkwe angeliona kwanza. Alitembea akijisemea maneno atakayomwambia, na kila alipoyarudia yalizidi kuwa makali.

Alipofika kwa fundi viatu ndipo alipogundua kwamba mkono wa pili hauna kitu. Mfuko wa viazi aliuacha chini ya meza, katika zile kelele. Akarudi mbio.

Watu walikuwa wametawanyika na turubai la kibanda limeshushwa. Mfuko ulikuwepo palepale. Alikuwa ameinama kuuchukua aliposikia kicheko upande wa pili, kicheko cha watu wawili, akachungulia kwenye upenyo.

Bi Kiberiti alikuwa amekaa juu ya kreti, viatu amevua. Alichagua nyanya nzuri nzuri, moja moja, akizitia kikapuni mwake bila mzani. Muuza mboga alikuwa akimmiminia chai.

"Jaza, shangazi, jaza," alisema. "Jirani yangu hapo anauza hamsini toka asubuhi, hakuna hata aliyemtupia jicho."

"Koo linaniwasha," alisema Bi Kiberiti. "Afadhali leo yule mshonaji kanipokea."

"Basi Jumamosi ijayo nitukane kwenye vitunguu. Vimeanza kuoza, na yule akishapandisha hasira hachukui chini ya kilo tatu."