Anayemletea Kajetani

Anjelika alimvaa Amedeus palepale getini pa hospitali, akamnyang'anya mfuko mbele za watu.

"Lete hapa! Leo nakuumbua!"

Ndani mlikuwa na ndizi nne, kipande cha sabuni na gazeti. Anjelika alinusa mpaka sabuni. Hamna kitu.

"Shemeji, mbona unanidhalilisha hivi? Unatafuta nini?"

Pombe ya komoni, atafute nini kingine! Amedeus huyuhuyu ndiye aliyekuwa akikaa na mumewe, Kajetani, kilabuni kule Ruhuwiko mpaka benchi zinainuliwa. Kwaresima Kajetani aliapa mbele ya padri kwamba pombe basi. Anjelika naye akamwambia wazi: siku ukirudia, mimi na mwanetu Noela tunarudi kwetu Mpitimbi. Sasa Julai mtu kalazwa, tumbo limejaa, macho ya njano kama binzari. Nani asingejua?

Asubuhi ile daktari alikuwa amemwita pembeni.

"Mama, kuna sumu inaunguza ini la mzee. Seli za ini zikizidiwa zinapiga yowe. Zinamwaga protini za kuita kinga ya mwili, kinga inakuja mbio, ini linavimba, na hata palipokuwa pazima panaumia. Yuko hapa siku ya nne, yowe lilipaswa kupungua. Lakini kila tukipima, linapanda. Kuna kitu bado kinaingia."

"Pombe, daktari?"

"Yeye anakataa katakata. Mtafuteni anayemletea. Tukifika Jumapili hivihivi, sitakuficha, tutampoteza."

Na leo Ijumaa. Anjelika akawa mbogo. Alipekua mto, alipindua godoro mgonjwa akiwa juu yake, akawahoji wagonjwa wa vitanda vya jirani. Kajetani alimtazama akacheka kwa shida.

"Mke wangu, bado kunipasua tumbo tu. Afadhali ungenipunguzia uchungu wa huu uji."

"Kunywa! Mchungu ni ulimi wako, ndiyo homa hiyo."

Akamwachia thamosi ya uji, akashuka getini kumvizia mwizi wake. Na mwizi ndiye huyu, kasimama na ndizi zake, midomo inamcheza kwa aibu.

"Sema ukweli, Amedeus. Mume wangu anakufa. Sitakupeleka popote, we sema tu unamletea saa ngapi."

"Haki ya Mungu, shemeji, tangu Kwaresima hajaonja. Juni hapo mimi mwenyewe, shetani wangu, nilimshikisha kikombe. Alikinusa tu akatapika palepale, kilabu kizima kikatucheka. Hapo nikajua jamaa kaacha kweli. Hata mimi nilimwonea wivu."

Furaha ilimpanda Anjelika mpaka machozi yakamtoka. Kumbe mtu wa watu kashika kiapo chake, na yeye miezi yote hii anamnusa mdomo kama askari!

"Alitapika?"

"Utumbo wote, shemeji."

"Basi imefanya kazi," akanong'ona.

"Nini imefanya kazi?"

Mkono wa Anjelika ulikuwa umekwenda wenyewe kwenye pindo la khanga, kwenye kifundo cha mizizi iliyosagwa, aliyouziwa mnadani Namtumbo baada ya Pasaka. Kijiko kimoja kila asubuhi, yule bibi alimwambia, na mume asijue, akijua haimwachishi pombe. Anjelika hakuwa ameruka hata siku moja.

Kuna kitu bado kinaingia.

Alikimbia. Kiatu kimoja kilibaki getini, nesi akampigia kelele koridoni, hakugeuka.

Kajetani alikuwa ameketi kitandani, thamosi ameiinamisha, anakwangua chini kwa kijiko. Alipomwona mkewe akatabasamu.

"Leo usinigombeze, mama Noela. Nimemaliza wote. Hata ule unga mchungu wa chini."