Kidole cha Myo Nyunt

Myo Nyunt alilazwa chini ya taa ya zahanati, ukucha wa kidole gumba cha mguu umezama nyamani, usaha ukichuruzika pembeni.

"Ung'oe wote, daktari," alisema. "Mwezi mzima mpira wa henzirani unanitoroka kwa ajili yake. Wiki ijayo ni sikukuu ya hekalu la pagoda, na wenzangu wote ninaoupiga nao kwa miguu kwenye duara wananitegemea."

"Kwa umri wako watu wanacheza na wajukuu, mjomba," muuguzi alimtania.

"Wajukuu hawaniwezi. Miaka arobaini napiga peku. Kidole hiki kinaujua mpira kabla macho hayajauona."

Daktari, mwanamke wa maneno machache, aliinama miguuni kwake, kisha akainuka.

"Mjomba, hujasikia kitu?"

"Kitu gani?"

"Sindano ya ganzi. Nimechoma pande zote mbili. Hapo hata askari hulia."

Myo Nyunt alicheka. "Mguu wa mchezaji ni sugu tupu, binti yangu."

Daktari hakucheka. "Sukari ulipima lini?"

"Sijawahi. Mimi siumwi."

"Nipe mguu ule mzima. Fumba macho, uniambie nachoma wapi."

Alifumba, akatega hisia zake zote kwenye unyayo, kama anavyongoja mpira ushuke. Alingoja sana. Akasikia muuguzi akiweka sinia chini polepole.

"Haya, anza basi," alisema.

Alifumbua macho. Kwenye unyayo wa mguu mzima, damu ilikuwa imetoka mahali patatu.