Ndege Ilale Nje

Tangu barabara zifutwe na kila nyumba ilazimishwe kuwa na ndege yake, sheria ilitaka ndege ilale ndani, isilowe. Bi Nakijwa aliiachia yake sebule, akalala jikoni miaka sita, mpaka moshi ukaanza kumbana kifua. Asubuhi moja akaisukuma nje, akarudisha kitanda chake sebuleni.

Mkaguzi alipofika alishika kichwa. "Bibi, ikilowa tunaichukua! Kliniki utaendaje?"

"Kwa miguu, mjukuu wangu. Hii nimeiosha na kuipaka mafuta kuliko marehemu mume wangu, na yeye angalau alisema asante."

"Lakini njia hakuna!"

Bi Nakijwa akachukua jembe, akapiga la kwanza pale pale mlangoni. Kliniki ilikuwa kilomita ishirini. Akapiga la pili.