Jiwe la Baba

Mama alilowesha kitambaa, akaanza kupangusa jiwe la kaburi la mumewe, aliyezikwa Lang'ata mwaka wa 2004. Herufi ya kwanza ya jina ikabanduka, ikawa mchanga kiganjani mwake.

"Kimanzi, si ulituambia hii ni graniti?"

Mwanawe ndiye aliyekabidhiwa mchango wa familia aende kununua jiwe River Road. Masikio yalimchoma. "Ni mvua, Mama."

Mama alitazama kaburi la jirani. Lilikuwa la miaka ya themanini, na maandishi yake bado yalimeta.

Dada zake Kimanzi walikuwa wanakuja na maua. Mama akaufunga ule mchanga kwenye kitambaa, akasimama mbele ya jiwe.

"Msipanguse," akawaambia. "Nishamaliza."