Rubani Aliyekataa Kufa

Kwenye skrini, rubani alifumbua macho, na ukumbi mzima wa video ukageuka kumtazama Zuberi.

Tangu arudi safarini alikuwa akiwaapia kwamba rubani huyo anakufa. Mji wa Kindu ulikuwa umegawanyika: watu wa reli walishabikia filamu ya watu wa chuma, wa bandarini wakashikilia ile ya vita vya nyota, kila kambi ikidai sehemu ya pili ya kwao imeipita ya wenzao. Zuberi peke yake alisema ameziona zote mbili kule Kinshasa, alikokwenda kwa miezi kadhaa kutafuta kazi.

"Ya nyota njo inapita," aliwakatia shauri. "Rubani anakufa. Watu wa chuma hawafi, sasa utamulilia nani?"

Mkewe, aliposikia hivyo, alimlilia rubani kweli kweli.

Leo kaseti ya vita vya nyota ilikuwa imefika na treni, na rubani huyo alikuwa amekaa kitandani, anacheka.

"Citoyen, mwananchi wetu, muongo weye!" fundi mmoja wa reli alipiga kelele, na watu wakaangua kicheko. Zuberi naye akajilazimisha kucheka. Aibu ya filamu ingesahaulika.

Lakini mkewe, kwenye benchi la mbele, hakucheka. Alikuwa akimenya karanga. Vidole vyake vilisimama, ganda moja limepasuka nusu. Akageuka polepole.

Zuberi aliikumbuka ile nyumba ya mwanamke kule Kailo, mji wa jirani tu, alikokaa badala ya Kinshasa.

"Papa," mkewe alimwita mumewe kwa sauti ndogo, "basi miezi ile yote ulikuwa wapi?"