Karatasi Sita Tupu

Natangaza rasmi kwamba mimi ndiye mwokozi wa kidato cha nne, Kibiti, mwaka 1998. Ukweli ni kwamba nilibonyeza mara moja tu.

Mwalimu Mwanaidi alikuwa amechapa majina yetu ya mtihani wa taifa, na gari la wilaya lilisubiri nje kuichukua orodha. Lakini haikuonekana kwenye skrini. Alipobonyeza alama ya programu, kompyuta haikumrudishia kazi iliyokuwa tayari wazi. Ilimfungulia karatasi mpya, tupu. Ilipofunguka ya sita, aliachia kipanya.

Nikakishika mimi, nikabonyeza jina la orodha kwenye ukingo wa chini wa skrini. Orodha ikapanda.

“Mungu akulipe, mwanangu,” alisema, macho yamemlowa. “Umejuaje kama iko huko chini?”

“Niliishusha mimi, Mwalimu, ulipokwenda kunywa chai.”